Kromosomu ya Ziada na Protini ya Ubongo: Historia ya Trisomia 21



Katika kila parokia tuliyopata kufundisha tumewakuta watoto wale. Macho yao yameinuka kidogo pembeni, uso wao ni bapa, shingo ni fupi, ulimi unachelewa kutamka. Walichelewa kukaa, walichelewa kutembea, na darasani wanachelewa kuelewa. Lakini mlangoni mwa kanisa wao ndio wa kwanza kumpa kila mtu mkono, bila kuuliza kabila lake wala cheo chake. Na katika kila parokia tumesikia pia maneno yaleyale yakinong'onwa nyuma ya mgongo wa mama zao: kwamba mama alivunja mwiko, kwamba babu alifanya mapatano ya giza, kwamba mtoto mwenyewe ni mchawi.

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu mtu anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Ni sheria njema. Lakini sheria huzuia mdomo tu. Hofu iliyo moyoni huondolewa na maarifa. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuwasimulia historia ya hali hiyo inayoitwa trisomia 21: jinsi wanadamu walivyoitazama bila kuielewa kwa muda mrefu, jinsi walivyoipata asili yake, na jinsi utafutaji huo ulivyowafikisha kwenye protini moja ya ubongo ambayo wataalamu wanaendelea kuichunguza mpaka leo.

Jina lililozaliwa na kosa

Watu wenye hali hii walikuwapo tangu zamani, lakini maelezo ya kwanza yaliyoenea yaliandikwa na mganga Mwingereza, John Langdon Down. Tangu mwaka wa 1858 aliongoza nyumba kubwa ya Earlswood, karibu na London, walimowekwa watu wenye upungufu wa akili. Mwaka wa 1866 alitoa andiko fupi. Ndani yake aliona kwamba baadhi ya wale aliowatunza walifanana sana hata ungedhani ni watoto wa baba na mama mmoja, ingawa walitoka jamaa mbalimbali. Hapo alitazama vizuri. Aliona pia kwamba walipenda kuigiza, walicheka kwa urahisi, na waliendelea vema wakifundishwa kwa uvumilivu.

Lakini Down alikosea katika maelezo. Zama zake Wazungu walizoea kuyapanga mataifa ya watu kama ngazi, wao wenyewe wakikaa juu. Down alidhani kwamba ugonjwa wa wazazi ungeweza kumrudisha mtoto Mzungu kwenye umbo la taifa lingine. Na kwa sababu ya macho yale, aliwaita watoto hao kwa jina la watu wa Mongolia. Tuseme haki: yeye mwenyewe alitumia wazo hilo kutetea umoja wa wanadamu, akisema kwamba kama mataifa yanaweza kuingiliana hivyo, basi hayakuumbwa mbalimbali. Hata hivyo jina lilibaki, na kwa karibu miaka 100 lilitukana watu wa aina mbili kwa pamoja: wagonjwa na Wamongolia. Mwaka wa 1961 wataalamu 19 waliandika barua katika gazeti la tiba The Lancet wakiomba jina hilo liachwe. Mwaka wa 1965 Shirika la Afya Duniani lililiacha, baada ya wajumbe wa Mongolia kuliomba.

Down alifariki mwaka wa 1896. Miaka michache baadaye, mwaka wa 1905, alizaliwa mjukuu wake mwenye hali ileile aliyoieleza. Hakuna jamaa iliyo mbali na jambo hili, hata jamaa ya yule aliyelipa jina lake.

Hesabu ya 46 na ya 47

Kwa nini watoto hao wafanane? Kila mtu alikisia. Wengine walitaja kifua kikuu cha wazazi, wengine ulevi, wengine kaswende, wengine uchovu wa mama. Tazameni, vijana, jinsi makisio hayo yote yalivyofanana na minong'ono ya mtaa wetu: kila moja lilitafuta mtu wa kulaumiwa. Mwaka wa 1932 mganga Mholanzi, Petrus Waardenburg, alipendekeza njia nyingine. Alisema huenda kosa liko katika kromosomu, zile nyuzi ndogo zilizomo ndani ya seli za mwili zinazobeba urithi wetu. Lilikuwa wazo zuri, lakini wakati huo hakuna aliyeweza kulithibitisha, kwa maana hata idadi sahihi ya kromosomu za mwanadamu haikujulikana. Vitabu vilisema ni 48.

Idadi hiyo ilisahihishwa mjini Lund, nchini Sweden, na Joe Hin Tjio, mzaliwa wa kisiwa cha Java, akiwa na Albert Levan. Mwaka wa 1956 walitangaza kwamba mwanadamu ana kromosomu 46, yaani jozi 23; nusu hutoka kwa mama na nusu kwa baba. Kwa zaidi ya miaka 30 wataalamu walikuwa wakihesabu 48 kwa sababu waliowatangulia walihesabu 48. Ni somo kwetu sisi waalimu: mara nyingi mwanafunzi huona kile alichoambiwa atakiona.

Hesabu hiyo ilipokwisha kunyooshwa, njia ilifunguka. Mjini Paris, katika hospitali ya Trousseau, profesa Raymond Turpin alikuwa ameishughulikia hali hiyo kwa miaka mingi. Kwake alifanya kazi mganga kijana, Marthe Gautier, aliyezaliwa mwaka wa 1925 katika jamaa ya wakulima. Alikuwa amekaa mwaka mmoja Boston, nchini Marekani, na huko alijifunza namna ya kukuza seli hai ndani ya vyombo vya kioo. Ufaransa haikuwa na maabara kama hiyo. Gautier alikopa fedha ili anunue vyombo. Chakula cha seli alikitayarisha mwenyewe, akitumia maji ya damu ya jogoo na maji ya damu yake mwenyewe. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa.

Katika seli za watoto wa kawaida alikuta kromosomu 46. Katika seli za watoto wenye hali ile alikuta 47. Hakuwa na chombo cha kupiga picha za vitu vidogo kiasi hicho. Mwenzake, Jérôme Lejeune, aliyekuwa pia mwanafunzi wa Turpin, alizichukua slaidi zake ili zipigwe picha katika maabara nyingine. Tarehe 26 mwezi wa kwanza 1959 habari ilitolewa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kwa majina matatu: Lejeune kwanza, Gautier katikati, Turpin mwisho. Jina la Gautier liliandikwa kwa kosa. Mwaka huohuo Patricia Jacobs na wenzake wa Edinburgh, nchini Scotland, nao walitoa matokeo kama hayo.

Kromosomu ya ziada ilionekana kuwa ile ya namba 21, iliyo ndogo kuliko zote ambazo si za jinsia. Mara nyingi kosa hutokea yai la mama linapofanyika: jozi ya 21 hukataa kuachana, na mtoto hupokea tatu mahali pa mbili. Jambo hilo hutukia takriban mara moja katika kila vizazi 700 au 800, katika mataifa yote na katika hali zote za maisha. Huongezeka umri wa mama unapoendelea, lakini mama wa miaka 20 naye anaweza kumzaa mtoto wa namna hiyo. Hakuna neno alilosema wala chakula alichokula kinachoweza kuisukuma kromosomu hiyo upande huu au ule.

Sifa ya nani?

Tungependa kuwaambia kwamba wagunduzi wale watatu waliishi kwa amani. Haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi dunia ilimtaja Lejeune peke yake. Marthe Gautier alirudi katika kazi ya magonjwa ya moyo ya watoto, akanyamaza karibu miaka 50. Mwaka wa 2009 alisimulia kwa maandishi upande wake. Mwaka wa 2014 kamati ya maadili ya Inserm, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa afya, ilitoa maoni kwamba fungu la Lejeune katika ugunduzi wenyewe huenda halikuwa ndilo kubwa kupita mengine, na kwamba kazi ya kukuza seli ilikuwa ya lazima. Wanaotunza urithi wa Lejeune wanapinga, wakionyesha barua na daftari za wakati ule. Gautier alifariki mwaka wa 2022.

Kwa sisi wakatoliki habari hii inahitaji moyo mnyofu. Lejeune alikuwa mkristu wa imani kubwa. Aliwapenda wagonjwa wake, akawajua kwa majina yao. Alipoona kwamba ugunduzi huo ulianza kutumiwa kuwatambua watoto tumboni na kuwatoa, alisimama hadharani kuwatetea, akitaka wanasayansi wapigane na ugonjwa na si na mgonjwa. Jambo hilo lilimpotezea marafiki na heshima nyingi. Papa Yoane Paulo wa Pili alimfanya rais wa kwanza wa Chuo cha Kipapa kwa ajili ya Uhai mwaka wa 1994, naye alifariki majuma machache baadaye, siku ya Pasaka. Mwaka wa 2021 Kanisa lilimtangaza kuwa Mheshimiwa, hatua moja katika njia ya utakatifu.

Je, yafaa kumnyima Gautier haki yake ili kulinda jina la Lejeune? Hapana. Wala haifai kuusahau wema wa Lejeune kwa sababu ya haki ya Gautier. Ukweli haupungui kwa kugawanywa kati ya wote waliouchangia. Anayempenda mtumishi wa Mungu hana sababu ya kuogopa daftari za maabara.

Wazee kabla ya uzee

Sasa turudi nyuma kidogo, maana mkondo wa pili wa historia hii ulianza mapema. Mwaka wa 1876 waganga wawili wa Scotland, Fraser na Mitchell, waliandika kwamba watu wenye hali hiyo huonekana kuzeeka upesi. Wachache walijali, kwa kuwa wagonjwa wengi walikufa wakiwa bado wadogo. Yakadiriwa kwamba mwaka wa 1929 wastani wa maisha yao ulikuwa karibu miaka 9 tu. Karibu nusu ya watoto hao huzaliwa na kasoro ya moyo, na maambukizo ya mapafu huwashika kwa urahisi.

Mwaka wa 1906, mjini Tübingen, mganga Mjerumani Alois Alzheimer alieleza habari za mama mmoja aliyepoteza kumbukumbu na akili akiwa na umri wa miaka 50 na kitu. Alipochunguza ubongo wake baada ya kifo, alikuta vitu viwili kwa hadubini: madoa ya kitu kigumu kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Huo ndio ugonjwa unaobeba jina lake hata leo.

Mwaka wa 1929 mtaalamu Struwe aliona madoa yaleyale katika ubongo wa mtu mwenye trisomia 21. Mwaka wa 1948, Marekani, George Jervis alieleza habari za wagonjwa watatu wa namna hiyo, wasiofikia hata miaka 50, waliokuwa wamepoteza mambo waliyoyajua zamani. Kadiri dawa za viuavijasumu na upasuaji wa moyo zilivyoongeza maisha, ndivyo jambo lilivyodhihirika. Leo, katika nchi zenye matunzo mazuri, wengi hufikia karibu miaka 60. Na karibu wote, wakipita miaka 40, huwa na madoa hayo katika ubongo. Wengi wao huanza kupoteza kumbukumbu baada ya miaka 50.

Fikirini maana yake kwa jamaa. Mama aliyemfundisha mwanawe kwa miaka 20 kufunga vifungo vya shati, kusali Salamu Maria, kufika sokoni na kurudi, anamwona akiyapoteza hayo moja baada ya jingine, naye mama mwenyewe amekwisha kuwa mzee. Watu husema: yule ndivyo alivyo tangu kuzaliwa. Lakini sivyo. Alikuwa anajua, na sasa anaumwa.

Mabaki ya fundi cherehani

Kwa nini mikondo hiyo miwili ikutane? Jibu lilianza kuonekana mjini San Diego, nchini Marekani. Mwaka wa 1984 George Glenner na Caine Wong walifaulu kukitenga kitu kinachoziba mishipa ya damu ya ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Kilikuwa kipande kidogo cha protini, kinachoitwa beta-amiloidi. Baadaye mwaka huohuo walikitenga kitu hicho pia kutoka ubongo wa watu wenye trisomia 21, wakakuta kwamba ni kilekile. Hapo walifikiri kwa ujasiri: ikiwa watu wenye kromosomu 21 tatu hupata ugonjwa huu mapema hivyo, basi huenda maagizo ya kutengeneza protini hiyo yamo katika kromosomu 21 yenyewe.

Mwaka wa 1987 vikundi kadhaa vya watafiti, kila kimoja kikifanya kazi yake, viliipata jeni hiyo, nayo ilikuwa kweli katika kromosomu 21. Protini inayotengenezwa kwa maagizo yake ilipewa jina APP, yaani protini mama ya amiloidi. Glenner mwenyewe alifariki mwaka wa 1995 kwa ugonjwa wa amiloidi iliyojaa katika moyo wake, aina nyingine ya kitu kilekile alichokichunguza maisha yake yote.

Tueleze kwa mfano. Protini ni kama utepe mrefu uliounganishwa kwa shanga nyingi ziitwazo asidi amino. APP ya ubongo huwa na shanga 695. Utepe huo hupenya ngozi ya seli ya neva, sehemu moja ikiwa nje na sehemu nyingine ndani. Si kitu kibaya. Husaidia neva kukua na kuungana na wenzake. Kama kitambaa mikononi mwa fundi cherehani, hukatwa kwa mikasi ya aina mbalimbali. Mikasi mingine hukata mahali pasipoleta shida. Lakini mikasi miwili ikikata upande huu na upande ule, hudondoka kipande cha shanga 40 au 42: hiyo ndiyo beta-amiloidi. Kila mmoja wetu huitengeneza kila siku, na mwili huifagia. Hatari huja mabaki yanapozidi ufagio. Yale ya shanga 42 hasa hushikamana, yakawa madoa.

Sasa mwenye trisomia 21 ana nakala tatu za jeni hiyo mahali pa mbili. Kwa hesabu ya kawaida, kitambaa kinachoingia kwa fundi kimeongezeka kwa nusu, na mabaki nayo huongezeka tangu utotoni. Haba na haba hujaza kibaba.

Mashahidi wawili

Lakini kromosomu 21 ina jeni nyingi. Watafiti waliposoma maandishi yake yote mwaka wa 2000 walihesabu jeni 225. Tutajuaje kwamba mwenye kusababisha usahaulifu ni APP, na si mmoja wa wenzake? Hakimu mwema hamhukumu mtu kwa sababu alionekana mahali pa kosa. Hutafuta mashahidi.

Shahidi wa kwanza alikuwa bibi mmoja, ambaye habari zake zilitolewa mwaka wa 1998. Alikuwa na dalili za trisomia 21, lakini nakala yake ya tatu ilikuwa pungufu: sehemu ya kromosomu tu ndiyo iliyozidi, na sehemu yenye jeni ya APP haikuwamo. Bibi huyo aliishi mpaka miaka 78 bila kupatwa na ugonjwa wa Alzheimer, na ubongo wake ulipochunguzwa haukuonyesha ugonjwa huo.

Shahidi wa pili alikuwa kinyume chake. Mwaka wa 2006 watafiti wa Rouen, nchini Ufaransa, walieleza habari za jamaa tano ambamo watu walikuwa na nakala tatu za jeni ya APP bila kuwa na kromosomu 21 nzima ya ziada. Hawakuwa na trisomia 21; walisoma, walifanya kazi, walioa. Lakini walipatwa na usahaulifu mapema, wengine kabla ya miaka 60, pamoja na kuvuja damu katika ubongo.

Jeni ya APP ikiondolewa katika ziada, ugonjwa haupo. Ikiachwa peke yake katika ziada, ugonjwa upo. Na mwaka wa 2012 iliongezeka habari kutoka Iceland: watu wachache wenye badiliko fulani katika jeni hiyo, linalopunguza beta-amiloidi, hulindwa na ugonjwa wa Alzheimer hata wakiwa wazee sana. Ushahidi wa namna hii ni wa nguvu.

Je, protini hii inaeleza yote?

Hapa, vijana, twapaswa kuwa waangalifu. Kupoteza akili katika utu uzima ni jambo moja; kuchelewa kwa akili tangu utotoni ni jambo jingine. Kumbukeni shahidi wetu wa pili: watu wale wa Rouen walikuwa na APP ya ziada, lakini utoto wao ulikuwa wa kawaida. Basi APP peke yake haitoshi kuleta ile hali nzima ya ukuaji. Na shahidi wa kwanza alikuwa na dalili za hali hiyo bila APP ya ziada. Kwa hiyo wengine wamo pia.

Mmoja anayechunguzwa sana ni jeni iitwayo DYRK1A, nayo imo katika kromosomu 21. Inaongoza kazi ya kuzaliwa kwa seli za ubongo kabla mtoto hajazaliwa. Watoto waliokosa nakala yake moja huwa na kichwa kidogo na kuchelewa sana kusema; yaani hiyo ni jeni isiyovumilia kupungua, na huenda wala haivumilii kuzidi. Ubongo ni kama mchuzi: chumvi ikipungua haunogi, ikizidi haulikiki.

Hata hivyo APP haikuachwa nje kabisa. Mwaka wa 1990 Muriel Davisson na wenzake, Marekani, walieleza aina ya panya wadogo wenye ziada ya jeni nyingi zinazolingana na zile za kromosomu 21 yetu. Mwaka wa 2006 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba katika panya hao neva fulani za kumbukumbu hushindwa kusafirisha chakula chao kutoka ncha mpaka kiini. Nakala ya ziada ya APP ilipoondolewa, usafirishaji uliboreka na neva hazikunyauka. Kwa hiyo yawezekana kwamba protini hii huidhuru njia ya neva kabla hata ya madoa kuonekana. Lakini panya si mtoto, na wataalamu wanapima neno hilo hatua kwa hatua.

Dawa za kuondoa amiloidi zimeanza kutolewa katika nchi tajiri, nazo hupunguza mwendo wa ugonjwa wa Alzheimer kwa kiasi kidogo. Lakini watu wenye trisomia 21, ambao ndio walioonyesha njia ya kuifikia protini hiyo, hawakuingizwa katika majaribio makubwa ya kwanza. Waliwapa wengine mwanga, na wao wamebaki nyuma ya mlango.

Maarifa yanatudai nini?

Historia hii ina mafundisho matatu kwa ajili yetu.

La kwanza ni juu ya lawama. Mitume walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza kosa ni la nani, lake au la wazazi. Bwana Yezu alikataa swali lenyewe. Sayansi, kwa njia yake, imefika mahali hapohapo: jozi ya kromosomu imeshindwa kuachana, na hakuna aliyeitenda dhambi hiyo. Anayesema uchawi, baada ya kujua haya, anasema uongo juu ya jirani yake.

La pili ni juu ya muda. Miaka 93 ilipita kutoka andiko la Down mpaka hesabu ya 47, na miaka 28 zaidi mpaka jeni ya APP. Kila aliyetembea alikosea mahali fulani: Down katika jina, wahesabuji katika 48, wenye sifa katika kumsahau mwenzao. Lakini kila mmoja aliacha jiwe moja zuri ambalo aliyefuata aliweza kulikanyaga. Msidharau kazi ndogo ya subira, hata kama jina lenu litaandikwa vibaya.

La tatu ni juu ya matunzo. Tusingoje dawa ya maabara ndipo tuwapende. Mtoto mwenye trisomia 21 anahitaji mambo yaliyo karibu: moyo wake usikilizwe na mganga tangu mwanzo, masikio na macho yapimwe, afundishwe kwa maneno machache na kwa kurudia, aalikwe katika kwaya na katika komunyo ya kwanza. Tumepata kuwatayarisha baadhi yao kwa sakramenti hiyo, nao walitufundisha kunyamaza mbele ya altare kuliko vitabu vyetu. Na akifika utu uzima, akianza kupotea katika njia aliyoizoea au kusahau jina la dada yake, tusiseme ndivyo alivyo. Tujue kwamba protini imekusanyika kimya kwa miaka mingi, na kwamba sasa anahitaji mtu wa kumshika mkono, kama yeye alivyotushika mikono mlangoni mwa kanisa.

Maswali ya kushirikishana katika kikundi

1. Katika mtaa wetu watoto wenye trisomia 21 wanaitwa kwa majina gani? Majina hayo yanawatendea nini wao na mama zao?

2. Katika habari ya Gautier na Lejeune, tunajifunza nini juu ya kusema ukweli kuhusu watu tunaowaheshimu?

3. Je, kuna jamaa katika shirika letu inayomtunza mtu mzima mwenye hali hiyo? Juma hili kikundi chetu kinaweza kuipunguzia mzigo gani?